Utani Ukiisha, Twende Leba

"Ningoje mpaka nini?"

Aliyeuliza alikuwa msichana mwenye mimba ya kwanza, ameketi kwenye benchi la kliniki ya wajawazito Ujiji, kitenge chake amekifunga juu ya tumbo la miezi minane. Nilikuwa nimetoka tu kuwaeleza akina mama kwamba uchungu ukianza si lazima mtu akimbilie wodini saa hiyo hiyo. Mimba ya kwanza huchukua muda. Kaa nyumbani, nikasema, ule, utembee, ujinyooshe, ungoje. Ndipo yeye akaniuliza hivyo.

Nilikuwa na digrii ya uuguzi na mdomo usiochoka, lakini jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kitabuni. Nikamwambia angoje mpaka uchungu umjie mara tatu ndani ya dakika kumi, na kila mara umkamate kwa dakika nzima au karibu yake.

"Na saa ya kupimia itatoka wapi, mama munganga?" akasema. Munganga ndivyo wanavyomwita daktari na nesi kule ng'ambo ya ziwa. "Nyumba yetu haina hata ya ukutani."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa kicheko kilinipa nafasi ya kufikiri.

Nimestaafu majuzi, na wauguzi vijana wa kituoni wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo na mishahara nitaviruka, kama vyenyewe vilivyozoea kuniruka. Nitaandika juu ya swali hilo, kwa sababu kati ya mambo yote niliyofanya kwa mikono hii, jibu lake ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Mimi ni Muha wa Kidahwe. Nilifika kituoni katika ile miaka ya wakimbizi, boti zikileta watu kutoka ng'ambo karibu kila asubuhi na malori yakiwapandisha kwenda makambini. Siku yangu ya kwanza muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, Sista Skolastika, mwanamke mrefu wa Kasulu aliyetembea kama anayepima kiwanja, hakutaka kuona vyeti. Alinipa fetoskopu, ile tarumbeta ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Ilikuwa ya mbao, imelainika kwa miaka ya kushikwa. Nikaiweka juu ya tumbo la mama mmoja, nikabana sikio.

"Unasikia nini?"

"Moyo wangu, Sista."

"Vizuri, uko hai. Sasa mtafute mtoto."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakisogeza kidogo kushoto, na hapo nikasikia ile mbio, kama saa ya mfukoni iliyofungwa ndani ya nguo. Mpaka leo mashine zenye spika mnazotumia ninyi hazijanipa furaha ile. Mashine humsikilizisha kila mtu. Fetoskopu ilikusikilizisha wewe peke yako, na ukikosea umekosea peke yako.

Wodi ilijaa kupita kiasi. Kitanda kimoja wanawake wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na waliobaki walilala kwenye mikeka. Amri yetu ilikuwa moja: uchungu ukianza tu, njoo. Nikaanza kuuliza kwa nini. Wengi waliokuja na uchungu mchanga walikuwa na siku nzima mbele yao. Waliipitisha kwenye sakafu, bila kula, wakiogopa, wakisikiliza vilio vya wenzao. Uchungu wao ulisinyaa, nasi tukawachosha kwa kuwapima mara kwa mara, kisha tukashangaa mbona wamechoka. Huyo huyo angekuwa nyumbani kwake angekula uji, angelala kidogo, angetujia na nguvu zake.

"Amri haikutoka hewani," Sista Skolastika aliniambia. "Nimewazika waliochelewa. Wewe umewazika wangapi?"

"Sijamzika hata mmoja, Sista. Sikatai amri. Nauliza tu."

"Unauliza kama mtoto aliyejua kutembea leo. Kila mlango unataka kuingia." Akakunja shuka, akalipiga pigo moja. "Fundisha basi. Walio karibu tu. Wa mbali, wa huko kwenu Kidahwe, waje mapema wakae kwa ndugu zao mjini. Na atakayezalia njiani, utanieleza wewe."

Basi nikafundisha. Nitawaandikia yale yale hapa, maana hayajapitwa na wakati. Uchungu ukiwa bado mwepesi, kula chakula laini: uji, wali, ndizi, na kunywa maji au chai yenye sukari. Kukojoa mara kwa mara, kwa sababu kibofu kikijaa humzuia mtoto kushuka. Kutembea, na ukichoka kulala ubavu, si chali. Kuoga maji ya uvuguvugu. Uchungu ukija, kushika kitu kilicho imara, kuinama mbele, kuzungusha nyonga na kupumua taratibu, na mtu akusugue kiunoni. Dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, usinywe hata kama anayekupa ni mama yako mzazi, kwa kuwa hukaza kizazi bila kukilegeza, na kizazi huweza kupasuka. Na ukiona damu, au chupa ya maji imepasuka, au mtoto ameacha kucheza, au kichwa kinauma na macho yanaona kiwi, hapo hakuna kungoja kitu chochote. Njoo.

Hayo yote niliyajua. Kilichonishinda ni swali la yule msichana, ambaye jina lake lilikuwa Faida. Yule asiye na dalili ya hatari, anayeendelea vizuri, aondoke nyumbani lini?

Nilijaribu jibu la pili. Niliwaambia: ukiweza kuongea uchungu ukiwa umekukamata, bado mapema. Ukishindwa kuongea, njoo. Kitabu kimoja kilisema hivyo, na niliona kipimo hicho ni chepesi, hakihitaji saa. Faida alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa chenji sawasawa.

Wiki ile ile mwanamke wa Mwandiga, aliyekuwa amefikia kwa dada yake karibu na soko, alifika getini akitembea kwa miguu yake, akatusalimu wote, akamuuliza mlinzi habari za watoto, akajifungua hapo hapo mlangoni juu ya kanga ya dada yake. Mtoto mzima, mama mzima. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini umechelewa hivi?"

"Si ulisema nikiweza kuongea nikae?" akajibu, na uso wake ulijaa fahari. "Nimeongea mpaka mwisho. Muulize dada kama nimenyamaza."

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Kwetu msichana hukua akiambiwa kwamba mwanamke wa kweli hapigi kelele za uzazi. Bibi zake, shangazi zake, wote watamsimulia nani alilia na nani alijikaza, na aliyelia atasimuliwa mpaka wajukuu. Mimi nikaja na kipimo cha kuongea. Nilidhani nimewapa saa, kumbe nimewapa mashindano. Sista Skolastika hakunigombeza. Aliosha mikono, akasema, "Sasa una swali zuri zaidi," akaenda zake.

Faida naye alikuwa na kipimo hicho hicho kichwani, na kwa Faida mambo yalikuwa mazito zaidi. Alikuja kwa boti kutoka ng'ambo kama wengine, lakini hakwenda kambini. Aliishi Ujiji kwa bibi yake, Bibi Tatu, mjane wa Kimanyema ambaye ukoo wake ulikuwa na miguu miwili, mmoja huku, mmoja kule. Hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Aliogopa kwamba akilala wodini siku mbili, mtu atamuuliza ametoka wapi, na atapandishwa lori kabla hajajifungua. Nilimwambia kituo chetu hakiulizi karatasi, kinauliza mimba ina umri gani. Alinisikiliza kwa adabu na hakuniamini. Kwa hiyo alikuwa amepanga kuja dakika ya mwisho kabisa, azae, ajifunge kitenge, aondoke. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa kipimo kitakachomfikisha dakika hiyo, au kumpitisha.

Nikaenda kumtembelea. Nyumba ya Bibi Tatu ilikuwa ya udongo na bati, ua wake umezungushiwa makuti ya michikichi, na ndani ya ua kulikuwa na kinu, jiko la mkaa na dagaa walioanikwa. Kabla sijapiga hodi nilisikia watu wakitukanana.

"Mke mwenzangu, umeweka chumvi au umemwaga ziwa?"

"Nimeweka ya kutosha, mke mwenza. Wewe ulimi wako umezeeka, hata bwana wetu alikuwa analalamika."

"Bwana wetu alinioa mimi wewe hujazaliwa!"

"Ndiyo maana alikufa mapema. Alikuwa ananingojea, akachoka."

Mnajua wenyewe utani wa bibi na mjukuu. Bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenza, wakagombania marehemu babu, na hakuna tusi linalomuudhi yeyote kati yao. Hawa wawili walikuwa mabingwa. Nilikaa pale nikanywa chai, nikawasikiliza, na kazi niliyoijia nikaisahau kwa muda.

Njiani kurudi ndipo nikaanza kuwaza. Wanawake wote niliowazalisha, na walikuwa wengi kufikia hapo, niliwapitisha kichwani mmoja mmoja. Nikajiuliza walichokuwa wakifanya kabla hawajafika mahali pa kusukuma. Si wote waliolia. Si wote walionyamaza. Wengine waliongea mpaka mtoto anatoka. Lakini kulikuwa na jambo moja walilofanana. Mwanzoni unaweza kumchekesha. Ukimwambia huyu mtoto anakataa kutoka kwa sababu amesikia bei ya sukari, atacheka kati ya uchungu na uchungu. Kisha inafika saa ambayo unasema jambo hilo hilo na anakutazama kama umezungumza kutoka chumba kingine. Anaweza kukujibu, kwa sauti nzuri kabisa. Lakini hatanii tena. Nguvu ya kutania imekwenda kufanya kazi nyingine.

Kuongea mtu anaweza kujilazimisha. Lakini nani amewahi kujilazimisha kutania akafaulu?

Nilimpelekea Sista Skolastika wazo hilo. Akaniuliza, "Nani atakayepima?" Nikasema, "Mtani wake. Kila mwanamke anaye. Bibi, wifi, binamu. Mtani ndiye akae naye siku hiyo." Akasema, "Wifi yangu alikuwa hivyo, hachoki kunitania. Nikikaribia kujifungua, nilimchukia yeye kwanza." Ndivyo alivyokubali mambo, Sista Skolastika.

Nilirudi kwa Bibi Tatu nikamweleza. Kazi yako, Bibi, ni kumtania. Akiacha kukurudishia, mlete.

"Basi hatazaa," Faida akasema. "Huyu siwezi kumwacha bila jibu."

Uchungu ulimshika asubuhi moja niliyokuwa na mapumziko. Bibi Tatu alimtuma jirani kuniambia tu kwamba sombe, yaani kisamvu, iko tayari. Ndivyo tulivyokubaliana, maana uchungu hautangazwi. Watu wanaamini, Waha na Wamanyema pia, kwamba wanaojua wakiwa wengi uzazi hurefuka. Nilikuwa nalicheka jambo hilo nilipokuwa chuoni. Baadaye niliona kwamba mwanamke anayetazamwa na mtaa mzima kweli uchungu wake husita, nikaacha kucheka.

Nilimkuta Faida anatwanga. Uchungu ulipokuja aliegemea mchi, akazungusha nyonga, akapumua, kisha akaendelea. Nikamsikiliza mtoto kwa fetoskopu: moyo ulikuwa mzuri. Nikamsugua kiunoni kwa mawese ya uvuguvugu. Akala uji bakuli zima. Alilala ubavu kidogo, akaamka, akazunguka ua.

"Mke mwenzangu," Bibi Tatu akaita kutoka jikoni, "huo mchi unatwangia au umeupakata?"

"Natwanga polepole nisimwamshe bwana wetu. Akiamka atakuta umebaki wewe, atarudi kaburini."

"Akiamka atanikuta nimejipaka wanja. Wewe utakuwa unanuka maziwa."

"Maziwa ni chakula. Wanja unaliwa?"

Hivyo mpaka jua likapita utosini. Uchungu ulikuwa umeongezeka. Nilikuwa na saa mkononi, na saa ilisema bado kidogo. Faida alikuwa anaongea vizuri, akaniuliza hata habari za Kidahwe, kama mvua imeshuka. Kama ningekuwa na kipimo changu cha zamani, ningemwacha pale mpaka alasiri.

Bibi Tatu akainua kifuniko cha sufuria. "Mke mwenzangu, ukichelewa zaidi ya hapo, huu mchele wako wa uzazi naupika leo, naula na wageni."

Faida alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Hakugeuka.

"Ndiyo, Bibi," akasema.

Sauti yake ilikuwa tulivu, yenye heshima. Lakini kifuniko kilibaki hewani. Bibi Tatu akanitazama. "Ameniita Bibi," akasema kwa sauti ya chini.

Nikasimama. "Twende."

Kanga za mtoto, pamba, uzi na wembe mpya tuliviweka ndani ya beseni, juu yake tukamwaga dagaa, Bibi Tatu akajitwika. Yeyote aliyetuona aliona mwanamke mzee anapeleka dagaa na wanawake wawili wanamsindikiza polepole. Uchungu ulipokuja tulisimama, na Bibi akajifanya anapanga beseni. Faida alisimama kati yetu ameegemea mabega yetu, akipumua kama nilivyomfundisha. Kanga za mtoto huyo zilifika wodini zinanuka dagaa, na Sista Skolastika akasema ndiye mtoto wa kwanza kumpokea aliyekuja na kitoweo chake.

Nilipompima, njia ilikuwa imefunguka karibu yote. Hakukaa sana. Alijifungua mtoto wa kike, na mtoto akalia mara moja. Tukadhani kazi imeisha, na hapo damu ikaanza. Si ile ya kawaida. Ilikuja kwa mpigo, ikajaa chini yake, na uso wake ukaanza kupauka. Kizazi kilikuwa kimelegea kama mkate uliolowa. Sista Skolastika alimpiga sindano ya kukaza kizazi kabla sijafunga mdomo, mimi nikasugua tumbo kwa kiganja, nikasugua, nikamtoa mkojo, nikasugua tena, mpaka nikahisi kile kitu kigumu kinajikunja chini ya mkono wangu kama ngumi. Damu ikapungua. Ikakatika.

Ingekuwa uani pale, kati ya kinu na jiko la mkaa, mikono yangu ingekuwepo lakini sindano isingekuwepo. Ninajua idadi ya mikono inayoweza kufanya kazi ya sindano. Hakuna.

Hakuna aliyemuuliza Faida karatasi. Bibi Tatu alikaa miguuni mwake na beseni lake. Faida alipofumbua macho vizuri, bibi akasema, "Mke mwenzangu, umenitisha."

"Uliogopa nitakutangulia kwa bwana wetu," Faida akanong'ona, na Sista Skolastika akageukia ukuta ili tusimwone.

Kuanzia hapo kliniki yetu ilikuwa na maneno mapya. Sista Skolastika mwenyewe ndiye aliyeyatangaza, amesimama mbele ya mabenchi: "Uchungu ukianza, kaa na mtani wako. Akikutania ukamjibu, kula uji. Usipomjibu, mje." Wanawake waliyachukua wakayapeleka masokoni na makambini. Mara mbili nimesikia yakisemwa na wauguzi wa mbali ambao hawakujua yametoka wapi, na sikuwaambia. Walijifungua wengi waliofika kwa wakati, wenye nguvu, waliokula, na wodi ikapumua.

Sisemi ni kipimo kisicho na kasoro. Kuna wanawake ambao hawatanii hata siku ya arusi yao. Kuna mama mmoja, mke wa fundi wa boti, aliyenitania mpaka kichwa cha mtoto kikiwa nje. Dalili za hatari hazingoji mzaha, narudia. Na sikuwahi kukifanyia utafiti, ingawa nilijifunza jinsi ya kufanya utafiti. Ninyi mna kompyuta. Kihojini. Mkikuta nimekosea, mnijulishe, nipo Mwandiga nalima mihogo.

Miaka mingi baadaye Bibi Tatu alifariki, nami nikaenda msibani Ujiji. Faida alikuwa amevuka ziwa kuja, mtu mzima sasa, na binti yake amemzidi kimo. Niliwasikia ndugu wa marehemu wakiwataja wajukuu, na jina la Faida halikutajwa. Nilishangaa nikamuuliza, kama kawaida yangu.

Akaniambia hakuwa mjukuu wa Bibi Tatu. Hakuwa ndugu yake hata kidogo. Alishuka botini peke yake, akajificha kwenye ua wa kwanza aliouona wazi, ukawa wa mjane asiyemjua. Alikuwa hajakaa hapo hata saa nzima, hajaulizwa hata jina, wakati mjumbe wa nyumba kumi alipobisha hodi kutaka kujua msichana aliyeonekana akiingia ni nani. Yule mwanamke alimtazama Faida mara moja, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Mke mwenzangu, acha uvivu, mletee mgeni kiti."